Usiache Mbachao: Chipu Inayojiandika Upya, Mita ya Ndalu na Msamiati Wetu

Wahenga walinena kuwa usiache mbachao kwa msala upitao. Aghalabu tunapoifafanua methali hii darasani huwa tunaitaja kama onyo kwa mwenye pupa, anayekitupa kikuukuu chake kabla hajajua kama kipya kitamfaa. Katika makala haya ninanuia kuipeleka methali hiyo mahali ambapo wahakiki wetu hawaendi mara nyingi, yaani ndani ya kipande cha silikoni kinachoweza kuamriwa kujifuta na kujiandika upya bila mkono wa fundi kukigusa. Msomaji asishangae kulikuta suala hili katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika fasihi, wala sikusomea uhandisi. Hata hivyo, mwaka 2024 jambo la aina hii lilibisha hodi hadi kwetu Ndalu, na lilipofika lilihitaji mkalimani.

Tuanze na chipu yenyewe. Chipu nyingi ni mithili ya maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe; saketi ikishaundwa kiwandani, haibadiliki tena. Mnamo 1985 kampuni ya Xilinx ya Marekani ilileta sokoni chipu ya namna nyingine. Ilikuwa na vijisehemu vya mantiki pamoja na njia nyingi za kuviunganisha, lakini uamuzi wa kipi kiungane na kipi uliachiwa mnunuzi. Hii ndiyo chipu ya mantiki inayopangika. Mtu anayeipanga haipi maagizo tu, kama afanyavyo mwandishi wa programu za kompyuta. Huibadilisha saketi yenyewe. Chipu iliyokuwa kikokotoo jana yaweza kuwa kichujio cha sauti leo. Wenzetu wa pwani watakumbuka loho ya chuoni: mwanafunzi huandika aya kwa wino, akaihifadhi moyoni, kisha akaiosha na kuandika nyingine juu ya ubao ule ule.

Loho hizo za mwanzo zilikuwa na udhaifu mmoja. Zilisahau kila kitu zilipozimwa. Kila zilipowashwa, ilibidi zisomewe mpango wao upya kutoka katika chipu nyingine iliyo kando, na mwizi aliyetega sikio njiani aliweza kuunakili. Ufumbuzi mmojawapo ulitokana na kumbukumbu ya fleshi, iliyobuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba huko Japani na kutangazwa mwaka 1984. Jina lenyewe lilipendekezwa na mwenzake, Shoji Ariizumi, kwa kuwa namna data inavyofutwa kwa mkupuo ilimkumbusha mmweko wa kamera. Katika fleshi, chaji ya umeme hufungiwa katika kisiwa kidogo kilichozungushiwa kihami, ikakaa humo kwa miaka mingi hata umeme ukikatika. Kampuni ya Actel ilijulikana sana kwa kuunda chipu za mantiki zenye kumbukumbu ya aina hii. Ilinunuliwa na Microsemi mwaka 2010, nayo Microsemi ikanunuliwa na Microchip mwaka 2018. Katika chipu hizo mpango hukaa ndani, hauna haja ya kusafirishwa kila zinapowashwa.

Hapo ndipo linapozuka swali gumu. Chipu yaweza kuwa imewekwa mahali pasipofikika kwa urahisi, kama vile ndani ya setilaiti au katika mtambo ulio mbali na karakana. Kosa likigunduliwa katika mpango wake, au adui akipata ufa wa kupenyea, mpango huo sharti ubadilishwe kutoka mbali. Chipu hupokea mpango mpya, ikajifuta, kisha ikajiandika. Lakini kitu kinachojifuta chenyewe kitawezaje kuimaliza kazi ya kujiandika? Ni nani aishikaye kalamu wakati mwandishi mwenyewe anafutwa?

Wahandisi walijibu swali hilo kwa kuacha sehemu moja isiyofutwa kamwe. Ni msimamizi aliyejengwa ndani ya silikoni tangu kiwandani, ambaye si sehemu ya mpango unaobadilishwa. Kazi zake za ulinzi ni tatu. Kwanza, humuuliza mleta mpango: wewe ni nani? Mpango huja ukiwa umesimbwa, katika chipu za siku hizi aghalabu kwa ufunguo wa siri wenye biti 256, tena ukiwa na alama ya kuonyesha kwamba haukuguswa njiani. Msimamizi aweza kuukagua wote, mwanzo hadi mwisho, kabla hajafuta chochote cha mpango wa zamani. Pili, huirejelea akiba. Kando ya chipu huwekwa nakala ya mpango unaojulikana kuwa ni mzima. Endapo umeme utakatika katikati ya uandishi, chipu ikawa haina la zamani wala jipya, msimamizi huirudia nakala hiyo na kuianzisha kazi tena. Tatu, hukataa kurudishwa nyuma. Mpango wa zamani wenye ufa uliokwisha kuzibwa haukubaliwi hata ukija na sahihi halali, maana kila mpango hubeba nambari ya toleo lake, na msimamizi huweza kuwekewa kiwango asichoruhusu toleo la chini yake.

Ulinzi huo si kamili. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 2012 watafiti wawili, Sergei Skorobogatov wa Chuo Kikuu cha Cambridge na Christopher Woods, walitangaza kwamba wameugundua ufunguo uliofichwa katika chipu ya ProASIC3, ambayo ni chipu ya fleshi ya Actel, na kwamba aliyeupata ufunguo huo angeweza kupita mahali palipodhaniwa kuwa pamefungwa. Microsemi ilikanusha kuwa mlango wa nyuma uliwekwa kwa makusudi. Lililo muhimu kwetu ni kuwa hoja nzima ilimhusu yule msimamizi asiyefutwa. Akiwa mwaminifu, kila kitu kingine chaweza kubadilishwa bila hofu. Asipokuwa mwaminifu, hakuna kufuli litakalofaa.

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hatakuwa mgeni wa fikra hizi. Watunzi wetu wa tenzi walijua kuwa kazi yao ingepita mikononi mwa wanakili, na kwamba mnakili huweza kusinzia au kuongeza lake. Wengi wao kwa hiyo waliufunga utungo kwa kutaja jina, tarehe na idadi ya beti. Mwana Kupona, katika utendi aliomtungia bintiye mnamo 1858, anaitaja idadi ya beti, ambayo ni 102, pamoja na mwaka wa Hijra wa 1275. Walimu wetu hutufunza kuziona beti hizo za tamati kama ada ya utanzu. Mimi naziona pia kama kufuli. Atakayepokea nakala yenye beti 98 atajua kuwa kuna kilichopotea njiani, hata kama hajapata kuiona nakala ya asili. Alama inayobebwa na mpango wa chipu hufanya kazi iyo hiyo, ila kwa hesabu iliyo ngumu zaidi kughushi.

Sasa tuje Ndalu. Ndalu iko katika eneobunge la Tongaren, kaunti ya Bungoma, jirani na Trans Nzoia, na watu wa huku wana shughuli Kitale kama walivyo nazo Bungoma. Eneo hili lilikuwa sehemu ya mashamba ya walowezi, na baada ya uhuru wa 1963 ardhi ikagawiwa wananchi kupitia mipango ya makazi. Ni nchi ya mahindi. Stima imeingia katika nyumba nyingi, na aghalabu ni stima ya kulipiwa kabla ya kutumiwa. Mteja hulipa kwa simu, akaletewa tarakimu 20, akazibonyeza kwenye kisanduku cha vitufe kilicho ukutani, nayo mita ikamwongezea yuniti.

Tarakimu hizo zina elimu yake. Mfumo unaotumiwa ulianzia Afrika Kusini katika miaka ya tisini, kisha ukawa kanuni ya kimataifa. Kila tokeni hubeba biti 66, na baadhi yake, biti 24, hutaja wakati ilipotolewa kwa kuhesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Mita huzikumbuka tokeni ilizozipokea, ikakataa iliyokwisha kutumika pamoja na iliyo ya zamani mno. Lakini biti 24 haziwezi kuhesabu zaidi ya dakika 16,777,216, yaani takriban miaka 32. Hesabu hiyo ilifika ukingoni tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya siku hiyo, mita ambayo haikubadilishwa isingeweza kupokea tokeni mpya. Kwa hiyo mamilioni ya mita ulimwenguni zililazimika kupewa ufunguo mpya na hesabu mpya, inayoanzia 2014, kila moja mahali ilipo. Mwaka huo huo TANESCO iliwashughulisha wateja wake Tanzania, nayo kampuni ya Umeme, iliyosambaza nguvu za stima nchini Uganda hadi Machi 2025, ikafanya hivyo huko.

Ni haki kumwonya msomaji hapa kuwa mita si lazima iwe na chipu ya mantiki inayopangika, na kwamba kilichobadilishwa mwaka 2024 ni ufunguo na hesabu ya wakati, wala si saketi. Hata hivyo, kanuni ni zile zile. Mteja alipewa nambari tatu za tarakimu 20 kila moja, jumla tarakimu 60. Mbili za kwanza zilibeba ufunguo mpya, ya tatu ikabeba yuniti alizonunua. Ufunguo mpya ulikuja umesimbwa kwa ufunguo wa zamani wa mita ile ile, hata nambari za jirani zisingefaa kitu. Nambari ya kwanza peke yake haikubadilisha chochote. Mita iliisubiri ya pili ndipo ibadilike. Na ilipobadilika, tokeni zilizotolewa kwa ufunguo wa zamani hazikupokelewa tena.

Huko Kenya Power waliiita kampeni yao "Update Token Meter Yako". Nilipolisoma jina hilo mara ya kwanza nilikereka, kama atakavyokereka mwanachama yeyote wa chama chetu. Katika maneno manne, moja tu ndilo la Kiswahili. Tanzania walikwisha kuwa na LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Unavyotumia, jina lililojaa maana. Lakini kadiri nilivyolitazama jina letu ndivyo nilivyoliona neno "yako" likifanya kazi kubwa kuliko ukubwa wake. Mita ni ngeli ya I-ZI, basi ni yako. Kimilikishi kimekaa nyuma ya nomino, si mbele kama kwa Waingereza. Maneno matatu ya kigeni yameingia, lakini aliyeketi mlangoni akiyapanga ni sarufi ya Kiswahili. Ndivyo lugha yetu ilivyojiandika upya karne zote hizi, ikapokea kitabu na meza na stima, ilhali msimamizi wake, yaani ngeli na viambishi, hakufutwa. Kijibadilishacho kwa usalama sharti kiwe na sehemu isiyobadilika inayouliza maswali. Hilo ndilo dai langu kuu, na naliamini juu ya chipu kama ninavyoliamini juu ya lugha.

Msimamizi mwingine nilimkuta nyumbani. Mnamo Oktoba 2024 nilikuwa Ndalu nikiandika tasnifu yangu. Kukhu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kibukusu, aliletewa zile tarakimu 60 kwenye simu yake, naye akakataa katakata kuzibonyeza. Hakuwa mkaidi. Katika friji yake ndogo huhifadhiwa insulini ya mtoto wa jirani ambaye kwao hakuna friji. Alijua fika kuwa mita ikiharibika, hasara haitakuwa ya taa peke yake.

"Mjukuu wangu," aliniuliza, "nambari hizi zimetoka kwa nani?"

"Kwa watu wa stima, Kukhu."

"Umejuaje? Mwenye duka alipigiwa simu na mtu aliyejidai kuwa wa benki. Leo analia."

Nilitamani mhandisi mmoja awe pale asikie. Mwanamke asiyejua kusimba wala kusimbua alikuwa ameuliza lile swali la kwanza la msimamizi, tena kabla ya kufuta chochote. Nilimweleza kwamba mita yake ina ufunguo wake wa siri ambao hakuna mita nyingine iliyo nao, na kwamba ufunguo mpya umefungiwa katika sanduku linalofunguliwa na ule wa zamani peke yake. Nambari zikiwa za tapeli, sanduku halitafunguka, na mita itakataa ibaki kama ilivyo.

"Basi huo wa zamani ndio shahidi wa mpya," akasema.

"Ndivyo, Kukhu."

"Na nikiingiza nusu, simu ikazima?"

"Nusu haibadilishi kitu. Na yuniti zako zilizobaki hazipotei."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kuwa jambo hili analijua, ni la mbegu. Nikamsihi afafanue. Kitale ni makao ya Kenya Seed Company tangu 1956, na mahindi ya chotara yameenea huku tangu miaka ya sitini. Mkulima wa chotara hununua mbegu mpya kila msimu. Kwa kuwa mbegu bandia zimewatia watu hasara, siku hizi pakiti huwa na kibandiko cha KEPHIS chenye nambari iliyofichwa. Mkulima huikwaruza na kuituma kwa ujumbe mfupi, akajibiwa kama mbegu ni halali. Kukhu hapandi kabla ya kupata jibu hilo. Tena, licha ya kununua chotara kila mwaka, magunzi kadhaa ya mahindi ya kienyeji yananing'inia juu ya meko yake, yamekolea moshi, yasiguswe na mdudu. Chotara likimwangusha, atayarudia hayo. Shahidi anaye, na akiba anayo. Mambo mawili kati ya yale matatu yaliyowashughulisha wahandisi yalikuwa pale jikoni, yakinukia moshi.

Tulizibonyeza nambari zile kwa utulivu, yeye akisoma nami nikibonyeza, na mita ikazikubali. Siku zilizofuata nilizunguka kwa majirani wengi. Nilichokigundua ni kuwa tarakimu hazikumshinda mtu. Watu wanaokokotoa bei ya gunia la mahindi kwa kichwa hawatishwi na tarakimu. Waliloliogopa ni jambo kubwa kuletwa kwa maneno wasiyoweza kuyahoji. Hesabu iliyolinda safari ya ufunguo kutoka ofisini hadi kwenye nguzo ilikuwa madhubuti. Hatua ya mwisho, kutoka kwenye simu hadi kwenye kidole cha Kukhu, ililindwa na lugha pekee. Asiyeelewa anachoambiwa hulazimika kumwamini kila mtu au kutomwamini yeyote, na matapeli huishi humo katikati.

Hili linatuhusu sisi, ndugu wanachama. Tumekuwa na mjadala mrefu kuhusu istilahi za teknolojia. Tumegombana juu ya tarakilishi, ngamizi na kompyuta, kila mmoja akiwa na hoja zake za mofolojia, ilhali wazungumzaji wakiendelea na kompyuta yao. Sikusudii kuubeza ubunifu huo. Tarakilishi imetumika vitabuni na shuleni Kenya, na ina mahali pake. Ninachosema ni kwamba istilahi inayotoka ofisini bila kupitia kwa wazungumzaji ni sawa na mpango ulioletwa kwa chipu bila sahihi. Msimamizi ataukataa, na ana haki. Sahihi ya neno hutiwa na mtu anayelitumia akiwa na la kupoteza.

Niliyajaribu maneno machache kwa majirani wale wale. "Usimbaji fiche" liliwachekesha, wakaniambia ninawasomea gazeti. "Kufunga kwa ufunguo" lilieleweka mara moja, na ninaona kuwa kusimba laweza kubaki neno la wataalamu mradi hilo liwe mlango wa kulifikia. "Sahihi" halikuhitaji maelezo, kwa kuwa kila aliyewahi kuchukua mkopo wa chama analijua. Ile nakala ambayo wahandisi huipa sifa ya dhahabu ninapendekeza tuiite mbegu ya akiba, kwa heshima ya meko ya Kukhu. Dhahabu husifu thamani tu, ilhali mbegu huonyesha kazi: hukaa kando, haitumiwi ovyo, na siku ya msiba huota. Kwa ile kazi ya tatu ya msimamizi, ya kukataa matoleo yaliyopitwa, bado sijapata neno lililomridhisha mtu Ndalu. Walinielewa nilipotaja noti za zamani za shilingi elfu moja, zilizokoma kutumika nchini Kenya mwaka 2019: zilikuwa halali, zilikuwa na alama zote, na bado hazikupokelewa dukani. Mfano wanao, jina bado.

Ninatoa rai kuwa chama chetu kiifanye kazi hii kuwa ya kudumu. Kila mwanachama aendapo likizoni achukue dhana tatu za teknolojia inayowagusa watu wa kwao, azieleze kwa Kiswahili mbele ya wasiokuwa na haja ya kumfurahisha, kisha aandike maneno waliyoyakubali, waliyoyakataa na waliyompa wao. Wahadhiri wetu watusaidie kuyachuja. Hesabu ya mita iliyoanzia 2014 nayo itafikia ukingo wake, na kabla ya hapo yatakuja mengine mengi ya kujiandika upya, majumbani na mashambani. Itafaa yatukute tukiwa na maneno ambayo akina Kukhu wamekwisha kuyatia sahihi. Hapa ndipo ninapoitua kalamu, nikiyasubiri majibu yenu, hasa kuhusu lile jina linalokosekana.